Nimepata kazi ya stoo Makambako, naambiwa nisaini makabidhiano bila kuhesabu. Anti nifanyeje?

Shikamoo Anti, natumai mzima wewe na familia. Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu ni Uyole hapa Mbeya, safu yako naisoma siku nyingi sema sijawahi kuandika, leo nimeona niandike tu maana usiku silali na nikimuuliza mama ananiambia mwanangu kazi hazipatikani, we nenda.

Nilisoma diploma ya ununuzi na ugavi, toka nimalize nipo nyumbani namsaidia mama biashara ya viazi pale sokoni, maombi nimetuma mpaka nikachoka. Sasa juzi baba mdogo akapiga simu kwamba kuna mzee rafiki yake ana kampuni ya pembejeo Makambako, anauza mbolea, mbegu na madawa ya kilimo jumla na rejareja, stoo kipa wake anaondoka na anatafuta mtu. Nikaitwa, nikaongea nae, nikapata. Naanza mwanzo wa mwezi wa kumi na moja.

Nimeshaenda kuonyeshwa mazingira. Anti stoo ni kubwa, godauni mbili, mbolea imepangwa mpaka karibu na bati, DAP, urea, CAN, alafu kuna chumba cha pembeni cha mbegu na madawa. Yule kaka anaeondoka alinizungusha haraka haraka, kila nikiuliza kitu anasema kiko kwenye leja utaelewa tu ukianza. Bosi ni mzee mstaarabu kwa kweli, aliniita mwanangu, akaniagizia chai, akasema siku nikiripoti asubuhi tutasainishana fomu ya makabidhiano mimi na yule kaka, alafu kaka anapanda basi la mchana na kazi inaendelea kwasababu mvua ziko karibu na wakulima wameshaanza kuja. Nikamuuliza kwa adabu, baba tutahesabu lini? Akacheka, akasema mwanangu ile ni mifuko maelfu utahesabu mpaka Krismasi, leja ipo, saini tufanye kazi. Nikanyamaza.

Sasa wakati natoka, kijana mmoja wa wale wanaobeba mizigo akanifata mpaka getini akaniambia dada kuwa makini, huyo anaondoka kwa ajili ya shoti, yaani mzigo uliopungua kwenye hesabu. Toka hapo moyo hautulii.

Mkataba pia sijapewa, bosi kasema kwanza miezi mitatu ya majaribio mengine baadae. Mshahara katamka kwa mdomo, laki tatu na nusu. Nikamwambia baba mdogo, akanijibu kwa ukali nisianze kuuliza uliza ntamtia aibu kwa rafiki yake.

Alafu watu wenyewe sasa. Wabebaji wengi ni watu wazima umri wa baba yangu, wanaongea Kibena muda wote na mimi sikijui, ntawaambiaje shusha hapa panga pale? Mhasibu ni dada mmoja hata salamu yangu aliitikia akiwa anaangalia kompyuta. Na kingine, stoo yote inaendeshwa kwa daftari wakati mimi chuo tumefundishwa mifumo ya kompyuta, natamani siku ya kwanza nimuonyeshe bosi kwamba naweza kumtengenezea ili aone hajakosea kunichukua. Je ni sawa?

Mama nae ameshaanza kupiga hesabu za mshahara wangu, mdogo wangu anaenda fomu wani Januari.

Naomba unishauri nianzeje hii kazi vizuri Anti, sitaki kuipoteza.

Binti wa Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kukaa nyumbani umesoma alafu kila siku unaamkia viazi na mama sio jambo dogo, na umevumilia. Mimi kabla ya kuandika hapa nimefanya kazi za stoo na hesabu za stoo miaka mingi hapa hapa Mbeya, kwahiyo barua yako nimeisoma nikawa naziona kabisa hizo godauni.

Nianze na neno la baba mdogo, kwasababu ndo litakalokuumiza kuliko yote ukilifata. Amekwambia usiulize ulize. Anakupenda na anakutakia mema, lakini hapo amekosea. Mgeni kazini ana ruhusa moja ambayo hakuna mwingine anayo, ya kuuliza kila kitu bila mtu kumshangaa. Wiki za mwanzo ukiuliza hii kadi inajazwaje, huu mzigo wa nani, nani anaruhusu hiki kitoke, watu wanajibu na wanakuona makini. Miezi minne mbele ukiuliza hayo hayo wanaangaliana, wanasema kumbe muda wote huu alikua hajui. Kwahiyo kuanza vizuri kwenye kazi kama yako sio kuonyesha unajua, ni kuuliza mapema na kuandika majibu. Mengine yote ntakayokwambia yanatoka hapo.

Sasa hayo makabidhiano. Usisaini mzigo ambao hujauhesabu. Narudia tena kwa upendo mwanangu, usisaini. Hiyo fomu ukishaweka jina lako inasema wewe umepokea mifuko mia nane ya DAP, na kama ilikua mia saba na ishirini, themanini ni zako, hata kama zilitoka godauni kabla hujajua Makambako ina stendi. Yule kaka atakua ameshapanda basi, simu yake haipokelewi, na leja itaonyesha mia nane. Simsemi yule kaka kwamba ni mwizi, mimi simjui na wewe humjui, na maneno ya getini yabaki getini, usiyabebe wala usiyarudie kwa mtu. Ila kuhesabu hakuhitaji kumshuku mtu. Hata angekua anaondoka padri ungehesabu.

Bosi anasema mifuko ni maelfu itachukua mpaka Krismasi. Haichukui. Mbolea iliyopangwa haihesabiwi mfuko mfuko, unahesabu tabaka moja la chini, unazidisha na matabaka kwenda juu, kama tabaka lina mifuko 40 na yako 12 hiyo ni 480, alafu unaongeza ile ya juu ambayo haijakamilika. Godauni mbili, watu watatu wanne, mkianza Jumamosi jioni duka likifungwa na Jumapili mchana mnamaliza. Kwahiyo mpigie simu mapema kabla hujaripoti, usisubiri ile asubuhi basi limeshawashwa, mwambie hivi: Baba nashukuru umeniamini. Naomba kabla sijasaini tuhesabu mimi, kaka na dada wa uhasibu, ili nikishasaini kila mfuko uwe mikononi mwangu na wewe ujue ulichonacho kabla msimu haujachanganya. Hujamlaumu mtu hapo, unamlindia mali yake. Mfanyabiashara wa pembejeo anaeingia mwezi wa kumi na moja bila kujua ana mifuko mingapi ya kupandia anajiumiza mwenyewe, na ndani ya moyo wake analijua hilo.

Siku ya kuhesabu kuna vitu nataka uvishike. Kwanza mzigo usimame, hakuna kuingiza wala kutoa mpaka mmalize, na muandike namba ya delivari noti, ile karatasi inayokuja na mzigo, ya mwisho kuingia na namba ya hati ya mwisho kutoa mzigo, maana bila hivo mtabishana mpaka usiku kama mifuko ya jana jioni imo au haimo. Pili, panda juu ya mpangilio. Usikubali kuhesabu umesimama chini. Mbolea ikipangwa mpaka karibu na bati, mbele unaona ukuta mzuri umenyooka kumbe katikati kuna shimo, watu walikua wanatoa kwa nyuma wakaacha sura ya mbele, na wala sio lazima iwe wizi, wabebaji wanachukua palipo rahisi. Omba ngazi, vaa suruali, panda, uone kwa macho yako.

Alafu angalia mishono. Mfuko wa kiwandani uzi wake unafanana mstari mzima, ukikuta uzi wa rangi nyingine au mshono wa mkono huo ulipasuka ukashonwa, uweke pembeni mpime kwenye mizani, mfuko wa kilo 50 unaweza kukuta umebaki 43. Iliyoganda nayo iandikwe, urea inavuta unyevu haraka na ile inayolala chini kabisa bila palet, zile mbao za kuinulia mzigo, au inayogusa ukuta mara nyingi imeshakua jiwe, mkulima hainunui hiyo kwa bei ya kawaida, sasa kwanini wewe uipokee kwa hesabu ya mfuko mzima? Chumba cha madawa fungua katoni, hasa zile zenye selotepu mbili, hesabu chupa, soma tarehe za mwisho za matumizi. Mbegu pia soma tarehe na namba ya loti. Mbolea ya ruzuku kama wanauza, ile ya mkulima aliesajiliwa mwenye namba yake, ihesabuni peke yake na mlinganishe na kilichopo kwenye mfumo, hiyo ina wenyewe TFRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mbolea, na maswali yake ni mazito kuliko ya bosi.

Na kuna kitu wengi wanaoanza hawakijui, mzigo wa mteja uliobaki stoo. Makambako ni njia panda, mkulima anatoka huko Wanging'ombe au Ludewa, ananunua mifuko ishirini, analipa, anapewa risiti, anasema naacha hapa natafuta gari. Inalala wiki. Ile mifuko iko ndani, ukihesabu unaiona, lakini sio ya bosi wako, imeshauzwa. Ukiihesabu kama stoki hesabu inaonekana imekaa sawa kabisa, alafu mwenyewe akija kuchukua unabaki na shoti ya ishirini na hujui imetoka wapi. Kwahiyo muulize yule kaka mbele ya mhasibu, kuna mzigo gani wa watu humu ndani? Uandikwe jina, namba ya risiti, idadi, na utengwe kwenye kona yake. Upande wa pili muulize na vikaratasi. Kwenye stoo za watu binafsi huwa kuna droo ina vikaratasi, mdogo wake bosi kachukua mitano atalipa, dereva kaazima, fulani kapelekewa shambani kwa mdomo. Hivyo vyote vitoke droo viandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kama mzigo uliotoka haujalipwa, na bosi asaini kwamba anavijua.

Mkimaliza, kila ukurasa msaini watatu, anaetoa, anaepokea na mhasibu, nakala moja ibaki kwako na upige picha kwa simu. Ikionekana shoti usipaze sauti wala usiulize mtu imekuaje, hiyo ni kesi ya bosi na yule kaka. Wewe unaandika kilichopo.

Najua utaniuliza, Anti je akikataa kabisa? Inawezekana, wazee wengine hawapendi kuelekezwa na mtoto. Basi usigombane, pokea funguo, na kwenye fomu juu ya saini yako andika kwa mkono wako: nimepokea funguo tarehe fulani, mzigo haujahesabiwa, utahesabiwa kuanzia leo. Mstari mmoja tu huo, piga picha. Alafu kila jioni hesabu aina moja, leo DAP, kesho CAN, pitia na mhasibu, asaini, mpaka umalize. Ndani ya wiki mbili utakua umeijua stoo yako na hakuna ugomvi uliotokea.

Na ujue sheria inasemaje hata kama hutaitaja mdomoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukukata mshahara kwa ajili ya hasara hivi hivi. Lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akuandikie sababu na kiasi na amekipataje, akupe nafasi ya kujitetea, asidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sasa umeona kwanini nang'ang'ania karatasi. Fomu uliyosaini bila kuhesabu ndo itakayotumika kusema ni kosa lako.

Mkataba. Sheria hiyo hiyo inataka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi unapoanza kazi, sio baada ya majaribio. Miezi mitatu ya majaribio sio tatizo, ni kawaida, ila hayo majaribio yenyewe nayo yanaandikwa. Sikwambii uende na kitabu cha sheria mezani kwa mzee aliekuagizia chai. Mwambie baba naomba barua hata ya ukurasa mmoja inayoonyesha tarehe ya kuanza, kazi yangu, mshahara na muda wa majaribio, kwa ajili ya kufungua akaunti ya benki na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wazee wengi kwa sababu hiyo wanatoa bila shida, na ni sababu ya kweli kabisa, utaihitaji. Masaa pia yaulize, kikomo ni masaa 45 kwa wiki bila ovataimu, na msimu ukichanganya mtafunga saa mbili usiku, ni vizuri mkaelewana mapema hizo jioni zinalipwaje. Nakusisitiza hili la barua kwasababu ndani ya miezi sita ya kwanza ulinzi wa kisheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haukuhusu bado, kwahiyo karatasi zako na uaminifu wako ndo ngao yako.

Baba mdogo usigombane nae. Mshukuru, mpelekee taarifa nzuri, ila mazungumzo ya kazi ayaache kati yako na bosi. Ukimpitisha yeye kila jambo, bosi nae atapitisha malalamiko yake kwake na wewe utakua mtoto mpaka unastaafu.

Tuje kwa wabebaji. Hapo nimekuona una heshima na nimefurahi. Siku ya kwanza fika mapema kabla gari halijaja, pita kwa kila mmoja na shikamoo yako, mmoja mmoja sio ya jumla jumla, na ukisema na kamwene, salamu ya Kibena, watacheka kwa furaha, hiyo moja inatosha, usijilazimishe Kibena cha kuigiza kitakuja chenyewe. Uliza majina na uyashike. Alafu katika wale wazee kuna mmoja ambae wenzake wote wanamuangalia kabla ya kuanza kushusha, utamjua tu, huyo mfate umuulize, baba hapa mvua ikipiga maji yanaingia upande gani? Mifuko ya zamani mnaianzia wapi? Yeye anaijua hiyo godauni kuliko leja. Ukishamuuliza hivo, siku ukisema naomba urea tusiiegemeze ukutani atakua wa kwanza kuwaambia wenzake. Kumuamrisha mtu mzima sio lazima useme shusha, sema baba naomba hii tuilaze upande huu ili ya zamani itoke kwanza, ukitoa na sababu inakua kazi ya wote. Na waulizie glovu na barakoa za wakati wa kushika madawa, kama hamna uombe kwa bosi kwa niaba yao, wale watu wanavuta lile vumbi kila siku na mara nyingi hakuna anaewasemea.

Ila upole usiguse mlango. Watakuja, dada nipe mmoja jioni nakuletea hela, na atakaesema hivo atakua mtu mzuri tu anaekuchekesha kila siku. Atakuja na ndugu wa bosi, nimetumwa na mzee. Jibu ni moja kwa wote, kwa tabasamu, naomba karatasi. Mpigie bosi hapo hapo, baba nipo na fulani, nimpe mingapi? Akisema toa, andika muda na idadi na aje asaini jioni. Ukifanya hivo toka siku ya kwanza hakuna atakaekasirika, watasema huyu binti ndo alivyo. Ukilegeza wiki ya kwanza ukakaza mwezi wa pili ndo utaitwa unaringa. Funguo usiziache kwa mtu, hata ukienda kula.

Yule dada wa uhasibu mimi wala sina wasiwasi nae. Amekaa na stoo kipa mwenye hesabu zisizokaa, yeye ndo aliekua anaulizwa na bosi kila mwisho wa mwezi, unategemea akuchekee siku ya kwanza? Mpelekee makaratasi yako kila jioni kabla hajaondoka, yamepangwa kwa namba, usimuache akutafute. Kitu hicho kimoja tu. Wiki chache utaona anakuita chai.

Kompyuta, subiri. Najua unatamani sana, na mfumo wa kompyuta ni mzuri, lakini siku ya kwanza hujui hata kwanini daftari lina safu ile ya mwisho isiyo na jina. Jaza daftari lao kama walivyozoea, bin kadi, ile kadi ya kuandika kinachoingia na kutoka, kila aina ya mzigo, na jioni ukifika chumbani ingiza yale yale kwenye Ekseli yako mwenyewe kama una laptop. Msimu wa kupandia ukipungua, wakati watu wanajiandaa na mbolea ya kukuzia, utakua na namba za kweli za stoo yake. Hapo mfate bosi umuonyeshe, baba DAP inatoka mifuko mingapi kwa wiki, hii mbegu imekaa toka mwaka jana inakaribia kuisha muda. Atakaekuomba umfanyie mfumo ni yeye mwenyewe.

Kuhusu mama. Mpigie kabla hujapokea chochote, sio baada. Mwambie mama mwezi wa kwanza na wa pili sitakua na kitu, maana wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita mkupuo na una godoro, sufuria na blanketi za kununua, na Makambako kuna upepo wa baridi usiuchukulie kama wa Uyole. Kuanzia wa tatu mtajie kiasi unachokiweza kila mwezi, kidogo ambacho hakikati, na cha fomu wani mpange pamoja. Mshahara wa kwanza kumpelekea mzazi ni baraka, mnunulie hata kitenge, asikatae wala usiache.

Na hiyo laki tatu na nusu uiulize ni kabla ya makato au mkononi. NSSF kwa mfanyakazi ni asilimia 10, na mwajiri anaweka 10 yake, kwahiyo kwako inatoka 35,000. Inabaki 315,000, kodi ya mapato inaanza kwa kinachozidi 270,000, kwa asilimia 8, ni kama 3,600 hivi. Mkononi tegemea 311,400 kama hakuna kato lingine. Kuna WCF pia, mfuko wa fidia ukiumia kazini, ule analipa mwajiri peke yake, ukikuta umekatwa uliza. Namba yako ya uanachama wa NSSF ukishaipata, baada ya mwezi wa pili kaangalie michango kama imeingia kweli, usisubiri mwaka, na kama haijaingia anza kwa kumuuliza yule dada wa uhasibu.